Fundi wa Injini Asiyepanda Boti

Shemeji yangu ni fundi wa injini za boti, na anaogopa maji. Ukimaliza kucheka niambie, niendelee.

Haogopi kidogo, kama wewe unavyoogopa mende. Anaogopa mpaka unamhurumia. Akipita darajani hushika katikati ya barabara, madereva wampigie honi mpaka wachoke wenyewe. Dimbwi la mvua likikaa mbele ya karakana yake, analizunguka. Na watu, kwa kuwa hawana kazi za kufanya, wanataka hofu iwe na hadithi. Eti alizama utotoni, eti kaka yake alichukuliwa na mto. Hakuna cha kaka wala cha kuzama. Mama yake aliniambia kwa kinywa chake kwamba tangu mchanga alikuwa akifutwa kwa kitambaa kilicholowa, maana akiliona beseni alilia mpaka akabadilika rangi. Kazaliwa hivyo. Wengine huzaliwa mashoto.

Sasa mtu kama huyo alifikaje kwenye injini za boti? Alifikishwa na mikono yake. Alikuwa akitengeneza pikipiki, akaletewa injini moja ya boti iliyowashinda mafundi wengine, akaifungua juu ya meza, akaifunga, ikawaka. Ikaja nyingine, na nyingine, pikipiki zikakosa nafasi. Karakana yake na duka langu la vipuri vinatenganishwa na ukuta mmoja, na mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu kwamba huyu jirani ni mwanaume wa kuolewa naye. Mle ndani ana pipa la mafuta lililokatwa juu na kujazwa maji, na ubavuni mwa pipa kuna ubao mnene uliosimamishwa. Injini hufungwa kwenye ubao, mguu wake unazama ndani ya pipa, inawashwa pale pale. Hilo pipa ndilo maji yote anayoyataka hapa duniani. Hata hapo husimama kando, mkono mmoja kwenye swichi, mwingine umeshika ukuta.

Boti iliyo majini hajawahi kuipanda. Ikibidi injini itengenezwe ikiwa juu ya boti, wenyewe wanaivuta mpaka pakavu, wanamwekea ngazi, ndipo anapanda. Wanavuta huku wakimtukana, lakini kwa wengine hawaendi.

Na Mungu naye ana utani wake, mdogo wangu akapata kazi ya ualimu ng'ambo.

Mto wetu hapa ni mpana. Mtu aliye upande wa pili unamtambua kwa nguo, si kwa sura. Kila siku ya shule mdogo wangu anavuka asubuhi na kurudi alasiri, na kila siku ya shule shemeji hatii kitu mdomoni mpaka simu yake ilie na ujumbe wa neno moja: Nimefika. Nimemwona ameshika kikombe mpaka chai ikaota ngozi juu. Nilikuwa namtania, "Shemeji, mkeo anaogelea kama bata. Wewe ndiye wa kutuma ujumbe kila ukitoka kuoga." Anacheka, lakini jicho liko kwenye simu.

Boti wanayovukia walimu ni ya mwanaume mmoja tunayemwita Chapchap. Hilo ndilo neno lake kwa abiria, kwa mkewe, na nadhani hata kwa Mungu anapoomba. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Hajawahi kumwacha mgonjwa ukingoni, hata siku ambayo maji yamekasirika. Ila kungoja hakujui.

Asubuhi ninayoizungumzia, Chapchap alikuwa amenunua stata mpya. Stata, kwa asiyejua, ni mota ndogo inayokaa ubavuni mwa injini. Ukigeuza ufunguo, umeme wa betri unaizungusha, nayo inarusha juu kigurudumu chake chenye meno, kinakamata gurudumu kubwa la injini, kinalizungusha mpaka injini ishike. Ya zamani ilikuwa imechoka. Ilizungusha kwa kuugua, mwisho ikatoa moshi. Basi boti ikavutwa pakavu, ngazi ikawekwa, shemeji akapanda na mfuko wake wa spana. Walimu wamesimama kando na mabegi yao, mdogo wangu katika gauni la kijani, na mwalimu mkuu, bonge la mtu, ameshavua viatu na kuvishika mkononi. Mimi nilikwenda kupeleka boliti, nikabaki kutazama. Duka lingekimbilia wapi?

Stata ikafungwa. Chapchap akageuza ufunguo. Kimya.

Shemeji hakushtuka. Injini ikinyamaza ndipo yeye huanza kusikiliza. Akachukua kitaa chake cha kujaribia, akagusa betri, kikawaka vizuri. Akakwangua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Ufunguo. Kimya. Akaifungua stata tena, akatazama pale inapokalia. Sisi watu wa majini tuna ugonjwa wa rangi. Kila chuma tunakipaka kwa kuogopa kutu, na tukishapaka tunarudia, na ile injini ilikuwa na rangi juu ya rangi. Akaniambia umeme wa stata hurudi kupitia mwili wa injini, na rangi nene ni sawa na mlango uliofungwa. Akapiga msasa mpaka chuma kikaonekana. Akafunga. Ufunguo. Kitu kikabofya, tak, na stata haikusogea. Mara ya pili hata kubofya hakukuwepo.

"Fundi," Chapchap akasema, "hawa walimu wana watoto wa watu wanaowangoja."

"Nakusikia."

"Unanisikia lakini huniwashii."

Shemeji akachukua waya mnene, akautoa kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye stata, ikazunguka kwa nguvu mpaka boti ikatetemeka. Kwa hiyo stata nzima, betri nzima, na kosa liko njiani, kati ya ufunguo na stata. Akaifuata ile njia waya kwa waya, akaishia kwenye swichi moja ndogo iliyokaa penye mkono wa gia. Kutu ilikuwa imeila. Mimi nauza vitu hivyo, ingawa siku hiyo vilikuwa vimeniishia, na nakuapia sikujua kazi yake. Mimi nauza kwa namba. Akakata nyaya mbili za ile swichi, akazisokota pamoja, akazizungushia utepe. "Kwa kujaribu tu," akasema.

Ufunguo ukageuzwa. Injini ikaimba. Walimu wakapiga makofi.

"Usiondoke kwanza," shemeji akasema. "Hii nimeiunga tu. Nikatafute swichi mpya mjini."

"Jioni, fundi, jioni."

"Basi hakikisha ukiwasha iko fri." Fri ndiyo gia ikiwa katikati, haiendi mbele wala nyuma.

"Kwani mimi mtoto? Walimu, chapchap."

Boti ikasukumwa majini. Shemeji alikuwa ameshashuka ngazi na kurudi nyuma, mbali na mawimbi. Ujumbe wa Nimefika ukaja, akanywa chai, akaenda mjini kutafuta swichi. Mimi nikarudi dukani.

Mchana Chapchap akapita kununua mafuta ya injini. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kuponea chupuchupu, na ameshaifanya ajali yake kuwa kichekesho. "Dada, hiyo stata ya shemeji yako si mchezo. Nimegeuza ufunguo, boti imeruka nyuma kama punda. Nusura nimkalie abiria mapajani. Kitu kipya bwana kina nguvu." Nikacheka. Nilicheka naye, tena nikamwambia aifunge kamba. Akabeba kopo lake akaondoka, anawawahi walimu, siku hiyo shule ilikuwa inafungwa mapema.

Haikuchukua muda, shemeji akaingia na kifuko cha nailoni, swichi mpya ndani, uso umekunjuka. Nikaona nimpe sifa zake.

"Shemeji, Chapchap anasema stata yako inarusha boti."

"Inarusha vipi?"

"Inaruka nyuma. Kama punda, anasema."

Hakucheka. "Ameshawasha ndipo akaingiza gia, au alipokuwa anawasha?"

"Alipokuwa anawasha. Kageuza ufunguo tu, ikaruka."

Akakiweka kile kifuko juu ya kaunta, taratibu. "Dada, gia itakuwaje nyuma wakati wa kuwasha? Mtu anawasha ikiwa fri."

"Mtu, ndiyo. Siyo Chapchap." Nikamweleza jambo ambalo kila anayevuka analijua. Chapchap akifika ukingoni hutia gia ya nyuma ili boti ipunguze mwendo, halafu anaizima hapo hapo, anarukia kamba. Mkono wa gia ni mgumu, na yeye hana subira ya kuurudisha. Akitaka kuondoka anageuza ufunguo, hapalii kitu, anajitukana, ndipo anaurudisha mkono katikati na kugeuza mara ya pili. Ndivyo afanyavyo miaka yote, na abiria tumezoea kumchekea. "Wewe tu ndiye hujui," nikasema, "kwa sababu hujawahi kupanda."

Shemeji akakaa juu ya dumu. Nikaona midomo yake imekauka.

"Kile kimya," akasema, "ni swichi. Ile swichi ndiyo inayomkatalia. Gia ikiwa mbele au nyuma, yenyewe inakata umeme, stata haizunguki. Nimeiondoa leo asubuhi. Sasa haitamkatalia tena." Akaninyanyulia macho. "Wanapandia wapi, dada? Abiria. Wanapandia wapi?"

Nikakitazama kile kifuko juu ya kaunta.

Kwa mbele ile boti imenyanyuka, vijana hurukia huko. Wanawake na watu wazito hupandia nyuma. Chapchap alituchomelea ngazi ya chuma pale, kwa heshima zetu, pembeni kabisa mwa injini. Unaingia majini mpaka magotini, unashika injini, unakanyaga chuma, unapanda. Propela iko hapo hapo, miguuni pako. Na yeye, kwa haraka zake, huanza kuugeuza ufunguo abiria wa mwisho akiwa bado na mguu mmoja majini, maana anajua kwamba mara ya kwanza haiwaki.

"Nyuma," nikasema. "Mkeo anapandia nyuma."

Nimeishi, nimezika wazazi wawili, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa pale kwenye kaunta yangu, mchana kweupe, watu wanapita nje na mizigo yao. Nilimwona mdogo wangu majini na gauni la kijani amelikusanya mkono mmoja, na nikaona kile chuma kinaanza kuzunguka.

Shemeji alikuwa ameshapiga simu. Simu unayopiga kwa sasa haipatikani. Mdogo wangu huizima darasani, ana msimamo wake. Nikampigia Chapchap, ikaita, ikaita, ikakata. Simu ya Chapchap hukaa ndani ya kopo, kopo ndani ya sanduku, sanduku chini ya kiti, isilowe. Nikapiga tena huku nakimbia, kanga imenivuka begani, duka nimeliacha wazi. Shemeji alikuwa mbele yangu. Sikujua kama yule mtu anaweza kukimbia hivyo.

Kivukoni hapakuwa na boti yoyote yenye injini. Boti ya Chapchap tuliiona ng'ambo, imeshaegesha. Mlio hakuna. Ameizima. Na mimi najua ameizima ikiwa wapi.

Nina mtumbwi wangu mdogo, huwa nauweka pale chini. Nikausukuma. "Wewe baki," nikamwambia shemeji. "Nakwenda mwenyewe."

Alikuwa amesimama pale maji yanapoishia, anayatazama, jasho linamtoka kama mtu mwenye homa. Kisha akapiga magoti, akatambaa, akaingia mtumbwini kwa mikono na magoti, akalala kifudifudi chini kabisa na kushika kingo mbili. Alikuwa anatetemeka, na mtumbwi nao ukatetemeka.

"Twende, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyezisokota."

Nikapiga kasia. Sijui nilipiga vipi. Nilikuwa nampigia yeye kelele, maana Chapchap alikuwa mbali na hasira ilikuwa lazima iangukie mtu. Nikamwambia ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, basi aache kutetemeka, atatuangusha. Nikamwambia fundi gani anatengeneza kitu asichokijua kinavyotumika. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo, dada. Ndiyo, dada," macho ameyafumba, na kila tone likimrukia mgongoni anashtuka mwili mzima.

"Tumefika wapi?"

"Usinisemeshe."

"Unawaona?"

Nilikuwa nawaona. Tulikuwa tumefika katikati, na watu walikuwa wanateremka ukingoni kuelekea nyuma ya boti. Chapchap alikuwa anazunguka zunguka juu, anafungua kamba. Nyuma ya boti paliingia mtu wa kwanza majini, kijani. Nyuma yake mtu mnene amenyanyua kitu kichwani, mwalimu mkuu na begi lake.

"Nani wa kwanza?" shemeji akauliza.

"Sioni," nikasema. "Jua linanipiga."

Nadhani alinisikia sauti. Akafumbua macho, akainua kichwa juu ya ukingo wa mtumbwi, akatazama ng'ambo, akaliona lile gauni. Nilimwambia asisimame. Nilimwambia kwa jina alilopewa na babu yake, jina ambalo shemeji haitwi na mtu ila mambo yameharibika. Akasimama. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa wima ndani ya mtumbwi alisimama kwa miguu miwili, akanyanyua mikono yote, akapiga ukelele, "Msipande. Ondokeni hapo. Msipande." Upepo ukaichukua sauti yake ukaipeleka unakokwenda wenyewe. Na mtumbwi ukapinduka.

Maji yalikuwa baridi. Nilipoibuka nilimwona mkono tu. Nikamvuta kwa ukosi wa shati, naye akanikumbatia shingoni, tukazama wote wawili. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, na anayesema hivyo hajawahi kutapatapiwa kichwani. Nikampiga kibao. Sikujuta. Akaniachia, nikaishika mikono yake, nikaibandika juu ya mtumbwi uliokwishageuka, akashikilia, kidevu juu ya mbao, anatapika maji.

Ndipo niliposikia kelele za ng'ambo. Wametuona. Na hapo hofu nyingine ikaniingia, mbaya kuliko ya kwanza. Chapchap ametuona. Chapchap hajawahi kumwacha mtu majini. Sasa hivi, kwa wema wake wote, anaukimbilia ufunguo.

Injini ikanguruma mara moja. Nikaona boti inaruka nyuma, kama alivyonisimulia dukani huku tunacheka. Maji meupe yakapanda. Yule mtu mnene aliyekuwa nyuma yake hakuonekana tena. Gauni la kijani nalo sikuliona.

Nilifumba macho. Sina aibu kulisema. Nilining'inia pale kwenye mtumbwi wangu na macho yamefumbwa, nikasikia shemeji anauliza, "Dada, mlio gani huo? Dada?"

Nilipofumbua, boti ilikuwa inakuja. Inakuja mbio, pua juu, na juu yake wamesimama watu wawili, Chapchap kwenye usukani na mtu wa kijani. Mdogo wangu. Alikuwa ameshapanda. Tulipopinduka alikuwa kwenye chuma cha mwisho, na badala ya kugeuka kutazama aliruka ndani, akamkamata Chapchap shati, akamwambia awashe. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa bado majini. Ubavu wa boti ulimpiga na kumtupa topeni, na propela ikalikamata begi lake. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule tuliona tu karatasi za madaftari, nyeupe, nyingi, zinaelea nyuma ya boti.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Shemeji hakucheka wala hakulia. Alikuwa anaitazama boti inavyotujia, na ninakuhakikishia kwamba tangu tuanguke majini hakuwa na uso ule. Sasa alikuwa anaogopa kweli.

Chapchap akafanya kama siku zote. Alipotukaribia akatia gia ya nyuma, boti ikapungua mwendo, akaizima hapo hapo. Ikazunguka kwa nguvu ya maji, nyuma yake ikatujia. Mdogo wangu akapita juu ya viti, akashuka kwenye chuma cha ngazi, mguu mmoja majini mpaka gotini, ubavuni kabisa mwa propela, akashika injini kwa mkono mmoja na kumnyooshea mumewe mkono wa pili.

"Baba watoto, nipe mkono."

Nyuma yake Chapchap ameshika ufunguo, tayari. "Mvute mama, chapchap, huyo ameshakunywa maji."

Shemeji aliutazama ule mkono. Ulikuwa karibu, angeweza kuushika bila kujinyoosha. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu, vidole vinateleza kwenye mbao, na pumzi yake nilikuwa naisikia inavyopiga filimbi. Akaurudisha mkono wake nyuma.

"Toka hapo," akamwambia.

"Nipe mkono, mume wangu."

"Toka hapo nyuma. Panda ndani. Mwambie atoe ufunguo."

Mdogo wangu akadhani hofu imempanda kichwani. Akainama zaidi, maji yakamfika pajani, vidole vyake vikamgusa mumewe begani. Na mimi nikashuhudia jambo ambalo nikilisimulia mjini wanadhani natia chumvi. Shemeji aliuachia mtumbwi. Aliweka mguu kwenye mbao, akajisukuma nyuma, mbali na mkewe, akaingia kwenye maji matupu yasiyo na kitu cha kushika. Alifanya hivyo ili mkewe asimfikie, asizidi kuinama pale. Maji yakamfika puani. Hakutapatapa. Alikuwa anamtazama mkewe miguuni.

Nikamdaka ukosi, na sauti yangu yote, ile ambayo soko zima linaijua, nikaielekeza kwa Chapchap. "Toa ufunguo. Toa ufunguo wewe mtu, usigeuze, utoe."

Sijui aliona nini usoni pangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Chapchap alingoja. Akauvuta ufunguo polepole, akaunyanyua juu.

Nikampandisha shemeji kichwa. "Ametoa. Unauona?"

"Ampe mke wangu."

Chapchap akampa. Mdogo wangu akaufumbata kiganjani, na kwa kiganja hicho hicho akamnyooshea mumewe ngumi, ufunguo ndani. Safari hii akaishika, kwa mikono yote miwili.

Tulimvuta watatu, mimi nikisukuma kutoka chini. Akaangukia sakafu ya boti, boti iliyo majini, na hakutazama iko wapi. Alilala ubavu, anakohoa, halafu akatambaa mpaka miguuni pa mkewe. Akamvua kiatu kimoja kilichobaki. Akaanza kumpapasa mguu, kisigino, unyayo, kidole kimoja kimoja, akamaliza mguu huo akaanza mwingine, na alipomaliza wa pili akarudia wa kwanza.

Chapchap alikuwa anauliza kumetokea nini. Mdogo wangu akanitazama, machozi yanamtoka, akanionyesha kwa kichwa, nimwondoe, nimlaze, huyu mtu akili zimemruka.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache ahesabu."